Fundi Anajibu: 2N3055 zimeungua, niweke zipi?

SWALI: Nina amplifaya ya stereo ya Japani, toleo la 1975. Kila chaneli ina transista mbili za 2N3055, zile kubwa zinazoendesha spika. Upande wa kushoto zote mbili zina shoti. Mchoro wa saketi unaonyesha volti 30 chanya na 30 hasi. Fundi anataka kufunga 2SC5200, ati muziki utaongezeka nguvu. Nimruhusu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: La. Nguvu inatoka kwenye transfoma. Kwa volti 30 kila upande, spika hupata kilele cha kama volti 26, na kwa spika ya omu 8 hizo ni wati 42 hivi. Ukifunga transista ya wati 115 au ya 250, hesabu ni ileile.

Cha kuongeza ni uvumilivu wa volti. 2N3055 ni ya volti 60 kati ya kolekta na emita. Muziki ukifika kileleni, moja hufunguka na mwenzake hubeba karibu volti zote za pande mbili, kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa ukingoni. Tazama na swichi ya umeme nyuma ya mashine: ikiwa iko 220 na ukutani una 240, zile 30 zimekuwa karibu 33. Jumla 65! Isogeze hadi 240 kama ipo.

Funga MJ15003: volti 140, ampea 20, na matundu ni yaleyale kwa kuwa nayo ina gamba la chuma la TO-3. Badilisha zote nne ili chaneli zilingane. (Kama mashine yako ina pia MJ2955, ile pacha ya PNP ya 2N3055, mahali pake weka MJ15004.) Hiyo 2SC5200 ni bapa, haikai kwenye matundu hayo, na mwendo wake ni megahezi 30 wakati MJ15003 ni 2. Saketi ya zamani ikipewa transista ya kasi namna hiyo huweza kujitetemesha yenyewe: hitisinki (bati la kupoozea transista) inachemka bila muziki, na rezista ya omu 10 karibu na tundu la spika inaanza kunuka.

Kabla ya kufunga, pima transista ndogo zinazosukuma zile kubwa, na rezista za emita. Zikiungua kubwa, mara nyingi hizi nazo huondoka, na ukiziacha zitakula transista mpya sekunde ileile. Preset ya bayasi (rezista ndogo ya kuzungusha, inayopanga mkondo wa transista kubwa muziki ukiwa kimya) ibadilishe tu. Kidole chake kikiachia, kwenye saketi nyingi bayasi hupanda mpaka mwisho.

Weka mika mpya (karatasi ya kuzuia umeme kati ya transista na hitisinki) na grisi nyembamba pande zote mbili. Gamba ndilo kolekta, hivyo weka mita kwenye alama ya mlio, upime kati yake na hitisinki: mita isilie. Ikilia, kagua kwanza bushi za skrubu (vipete vya plastiki vinavyozuia skrubu isiguse hitisinki).

Kuwasha: spika zikiwa nje, sauti sifuri, preset kwenye bayasi ndogo kabisa, balbu ya uzi ya wati 60 ikiwa imefungwa mfululizo na waya wa moto. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Itamulika kisha ififie. Ikikaa inawaka sana, zima. Ikififia, pima volti za DC kwenye matundu ya spika, zisizidi milivolti 50. Kisha ondoa balbu, weka mita juu ya rezista ya emita. Ikiwa ni ya omu 0.47, milivolti 12 ni kama miliampea 25. Mwongozo wa mashine ukitaja namba nyingine, fuata huo. Subiri dakika 15 ipate moto, urekebishe tena.

SWALI: Nimenunua MJ15003 kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni feki? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Pima uzito ukilinganisha na halali, nyepesi itiliwe shaka. Kama umenunua nyingi, kata gamba la moja kwa msumeno. Kipande cha silikoni kikiwa kidogo mno kwa transista ya ampea 20, zilizobaki usizifunge.