Ndege uliyoiunda mwenyewe ikivuja: maswali na majibu

Shikamoo fundi. Nina RV-7, ndege ndogo ya viti viwili niliyoiunda mwenyewe. Kila mvua ikinyesha, zulia la upande wa abiria linalowa. Nimezungushia kioo chote silikoni, lakini wapi!

Marahaba. Weka silikoni chini kwanza, kwa sababu bado hujajua unaziba nini. Maji huingia juu, yakafuata fremu, yakapita kwenye vichwa vya ribiti, yakadondokea mbali kabisa na yalikoingilia. Zulia linakuonyesha mwisho wa safari yao tu.

Toa viti na zulia, kausha ndani, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Maji yatiririke tu, yasirushwe kwa nguvu. Anzeni chini, mpande kidogo kidogo, dakika kadhaa kila sehemu. Mkianza juu, kila kitu kitalowa kwa pamoja na hamtajua lipi ni tundu. Maji yakipenya, utaona kwenye poda mstari mwembamba wa kijivu, kama njia ya sisimizi. Ufuate kurudi juu hadi unapoanzia. Usisahau kukagua mahali bawa linapoungana na mwili wa ndege. Wengi wanahangaika na kioo peke yake.

Na hili nakusihi. Kabla ya kumwagia maji, utaziba vile vitundu vya ubavuni vinavyopeleka hewa kwenye altimita (kipimo cha kimo cha ndege) na kipimamwendo. Tumia utepe wa rangi kali, wenye mkia unaoning'inia, na ukimaliza uubandue kwa mkono wako mwenyewe. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú, shirika la ndege la Peru, iliruka usiku kutoka Lima ikiwa na utepe uliosahaulika hapo baada ya kuoshwa. Marubani hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kasi gani. Wote 70 walikufa baharini.

Silikoni ya dukani inafaa?

Yenye harufu ya siki, hapana. Ile harufu ni asidi, na asidi inakula alumini. Hata isiyonuka huacha mafuta yanayokataa rangi. Maungio yasiyofunguliwa yazibe kwa kizibio cha polisalfaidi, kile kile kinachozibia matangi ya mafuta. Kioo kinachofunguka kinataka ukanda wa mpira laini, si gundi. Na usikifute kwa asetoni wala petroli: kitapasuka vijistari kama utando wa buibui. Maji na sabuni laini vinatosha.

Chini ya tumbo la ndege kuna vitundu vidogo. Nivizibe?

Usiviguse, ila kuvizibua vikijaa uchafu. Ndiko maji yanakotokea kwenda nje.

Nimechota petroli kutoka chini ya tangi nikakuta matone ya maji.

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko zulia lolote. Maji ni mazito kuliko petroli, hutulia chini, na yakifika kwenye injini inazima. Mara nyingi yanapitia kwenye kifuniko cha tangi ambacho pete yake ya mpira imekakamaa. Ibadilishe leo, ni kitu cha bei ndogo. Kisha tikisa mabawa taratibu, subiri, chota tena, hadi usione tone. Angalia na rangi: petroli ya ndege iitwayo 100LL ni ya bluu. Ukichota kikombe kizima kikawa cheupe pe, usifurahie usafi wake. Hayo huenda ni maji matupu.