Kifua Kilichonyamaza

Juma lililopita kijana mmoja aliye mwaka wa mwisho wa masomo ya utabibu aliniandikia kuniuliza anunue stethoskopu ya aina gani ili sauti za kifua zisimpite. Swali lake lilinigusa pabaya, kwa sababu yangu ilikuwa mpya na ya bei kubwa, na nilikosea nayo ikiwa masikioni.

Nilikuwa na miezi 4 kazini, zamu ya usiku, katika kituo kimoja upande wa Kisauni, Mombasa. Mama mmoja aliingia na mwanawe wa miaka 9 mwenye pumu, mabega yakipanda na kushuka, na mluzi wa kifua ukisikika hata kabla sijamgusa. Nilimpa dawa kwa nebulaiza, mashine inayoigeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, nikamwendea mgonjwa mwingine, na niliporudi nikamsikiliza mgongoni: mluzi haupo. Nikamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mwanawe amepata nafuu. Sista wa zamu, ambaye umri wake ni wa mama yangu, hakugusa chombo chochote. Alimtazama mtoto usoni, akasema, "Daktari, huyu hakupoa, huyu amechoka." Aliyasema mbele ya mama na mbele ya mlinzi, nami sifichi kwamba aibu ile ningali nayo, ingawa haki ilikuwa yake. Mluzi ulikuwa umekwisha kwa kuwa hewa ya kuupiga haikuwapo tena. Oksijeni ya damu ilikuwa chini ya asilimia 90, na mtoto hakuweza kutamka maneno mawili pamoja. Tulimwekea oksijeni, tukarudia dawa, na gari la wagonjwa likavuka naye daraja la Nyali. Alipona.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza nasikia sauti gani, najiuliza hewa inaingia kiasi gani. Mluzi wa pumu huzidi mgonjwa anapotoa pumzi. Mlio mkali wa koo, anapoivuta, na ukiusikia kwa mtoto aliyetulia, usimchokoe koo kwa kijiti, tafuta msaada upesi. Mlio kama wa chumvi iliyotupwa kwenye kikaango cha moto huweza kuwa nimonia, au maji yaliyojaa mapafuni kwa udhaifu wa moyo, ilhali mkoromo mzito ukibadilika baada ya kukohoa, mara nyingi ni makohozi. Linganisha kulia na kushoto kwa kimo kilekile, kwani upande mmoja ulionyamaza huenda umebanwa na maji au hewa iliyo nje ya pafu.

Vijana wa leo mnasikiliza juu ya shati, feni ikivuma, pumzi moja mkaondoka! Mwacheni mgonjwa aketi, apumue kwa mdomo, nanyi msikilize pumzi nzima, kuingia na kutoka. Mwenye buibui mvutieni pazia, mumwite sista, chombo kipite chini ya nguo hadi kwenye ngozi. Na mhesabuni pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 kwa dakika, hiyo ni kasi hata kama kifua kinasikika safi.

Laennec, daktari Mfaransa aliyebuni stethoskopu, alianza Paris mwaka 1816 kwa karatasi aliyoiviringa. Kwa hiyo, mwanangu, nunua yoyote inayoziba masikio vizuri, na unapoivaa, ncha zake zielekee mbele, upande wa pua. Mimi nilizivaa kinyume muhula mzima.