Swali la Lugha: Je, Mtu Huweza Kupotea Njia?

Msomaji wetu mmoja anayeishi Trondheim, Norwei, ameandika: "Mwalimu, shikamoo. Nimeombwa niwaandalie Waafrika Mashariki wenzangu wa huku muhtasari wa msimu wa 2024/25 wa Kombe la Dunia la ule mchezo wenye sehemu mbili, kuruka kwa skii na kukimbia kwa skii. Mimi nimeuita 'mseto wa Nordiki'. Mwenzangu anashikilia kwamba ni 'mchanganyiko wa Nordiki', na tena ananikosoa kwa kuandika kwamba wachezaji 'wanateleza kwenye barafu'. Nani kati yetu yuko sahihi? Nimeambatisha muhtasari wenyewe ili uone."

Marahaba, binti. Katika la kwanza umeshinda wewe, katika la pili ameshinda mwenzako.

Mseto ni neno la jikoni: mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja. Baadaye likaingia bungeni, tukapata serikali za mseto, ambazo ladha yake hatuna haja ya kuielezea hapa. Linaufaa mchezo huu kuliko "mchanganyiko" kwa sababu sehemu zake mbili hazikai kando kando tu, bali ya kwanza huyeyukia ndani ya ya pili. Mchezaji, akiwa amevaa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kufungwa miguuni, huruka kwanza kutoka kwenye kilima cha kurukia, akapewa pointi kwa umbali na kwa mtindo, kisha pointi hizo hugeuzwa kuwa muda kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Gunder Gundersen wa Norwei. Katika mbio za kilomita 10, kila pointi 15 ni dakika 1, maana yake pointi moja ni sekunde 4. Aliyewashinda wenzake katika kuruka huondoka wa kwanza, wanaomfuata huondoka kwa kadiri walivyopitwa, na anayevuka mstari wa mwisho wa kwanza ndiye bingwa. Hakuna haja ya kumsubiri mtu wa hesabu.

Kuhusu barafu, mwenzako ana haki. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Theluji ni ile inayoanguka kutoka angani na kurundikana. Wa viatu vya vyuma huteleza kwenye barafu, wa skii hukimbia kwenye theluji. Usijaribu kujitetea kwa asili ya maneno, kwani theluji imetoka Kiarabuni na barafu imetoka Uajemi, ambako, kwa bahati mbaya, maana yake ni theluji. Kwa sehemu ya kuruka, mchezaji anaposhuka mtelemko kabla ya kuruka, ningekushauri utumie "kuserereka", kitenzi kizuri ambacho kimeachwa kizeeke bila kazi. Kwa sehemu ya kukimbia, "mbio za nyika kwa skii" inatosha, kwa kuwa mbio za nyika tunazifahamu sote, ingawa nyika ya Trondheim haina mgunga hata mmoja.

Swali limekwisha, na mhariri angefurahi kama ningeishia hapa. Lakini binti yetu ameniambatishia muhtasari, na muhtasari una kurasa mbili, na katika kurasa hizo mbili kitenzi "weza" kimetokea mara kumi na tisa.

Unaanza hivi: "Msimu uliweza kuanza Ruka, Ufini, mwishoni mwa Novemba." Unaendelea: "Mjerumani Vinzenz Geiger aliweza kuwa bingwa wa jumla wa wanaume na Nathalie Armbruster, Mjerumani mwenzake, aliweza kuwa bingwa wa wanawake." Halafu: "Mashindano ya Ubingwa wa Dunia yaliweza kufanyika hapa kwetu Trondheim." Na kabla sijapata pa kuvuta pumzi: "Jarl Magnus Riiber aliweza kutangaza kwamba anastaafu." Mtu asiyeijua lugha yetu angedhani kwamba kila kitu barani Ulaya hutokea kwa tabu kubwa: msimu ulitaka kuanza ukazuiwa, ukajikongoja, hatimaye ukaweza.

Simlaumu yeye peke yake. Washa redio yoyote saa ya michezo, Dar es Salaam au Nairobi, utaambiwa timu fulani "imeweza kufungwa mabao manne". Sikiliza habari za ajali, utaambiwa watu watano "wameweza kupoteza maisha". Kiongozi akifungua mkutano "anaweza kuwashukuru" wageni, na wageni hukaa wakingoja kuona kama kweli atawashukuru au ataishia kwenye uwezo. Kitenzi kilichokuwa na kazi ya heshima kimegeuzwa kuwa kikohozi cha kusafishia koo kabla ya kitenzi chenyewe kutoka.

Kanuni si ngumu. Mtu "anaweza" jambo ambalo lilihitaji nguvu, ujuzi, ruhusa au nafasi, na ambalo asingelifanya kama kimojawapo kingekosekana. Ukitaka kujua kama kitenzi hiki kimekaa mahali pake, kigeuze kiwe cha kukanusha. "Geiger hakuweza kuwa bingwa" ni sentensi timamu; tunamwona alijaribu, akashindwa. "Msimu haukuweza kuanza Ruka" inakubalika mwaka ambao theluji imekosekana. "Timu haikuweza kufungwa mabao manne" ni maneno ya mtu mwenye homa.

Sasa niruhusiwe kuitazama kwa karibu sentensi moja ya muhtasari huu, ambayo nimeisoma na kuirudia hadi nimeanza kuipenda. Katika kumweleza Riiber, mwandishi anarudi nyuma hadi Olimpiki ya Beijing ya 2022, anaandika: "Riiber aliweza kupotea njia."

Hebu tukumbuke lililotokea. Riiber, Mnorwei ambaye kufikia wakati huo hakuwa na mpinzani wa kweli katika Kombe la Dunia, alikuwa amekutwa na virusi vya korona, akatengwa, akakosa shindano la kwanza, ambalo dhahabu yake ilikwenda kwa huyu huyu Geiger. Akaachiliwa muda mfupi kabla ya shindano la kilima kikubwa. Akaruka kuliko wote. Pointi zake zikamzidi Kristjan Ilves wa Estonia kwa 11, nawe sasa unaijua hesabu yake: aliondoka kwenye mbio akiwa mbele kwa sekunde 44. Akakimbia mzunguko wa kwanza peke yake. Mwishoni mwa mzunguko huo njia inagawanyika, naye akashika isiyo yake, akatanabahi, akageuka, akarudi, na ule mtaji wa sekunde ukawa umemwagika kwenye theluji. Alimaliza wa nane.

Ni uwezo gani ulitumika hapo? Ukisema "aliweza kupotea njia", unatufahamisha kwamba Riiber alikuwa na azma ya muda mrefu ya kupotea, kwamba alijaribu kupotea Lillehammer akashindwa, akajaribu Seefeld njia ikamkatalia, akajaribu Oslo mashabiki wakamwelekeza, mpaka alipofika China, kwa bidii na kwa msaada wa makocha wake, akafaulu. Unatulazimisha kumpongeza. Tena unampokonya mtu huzuni yake, kwa kuwa ubaya wote wa tukio hilo umo katika hilo hasa, kwamba halikuhitaji uwezo wowote. Yeyote kati yetu angepotea hapo, hata mimi ambaye sijawahi kuvaa skii. "Riiber alipotea njia": maneno mawili baada ya jina, na msomaji anakaa kimya.

Na ajabu ni kwamba katika mbio hizo hizo kulikuwa na mtu aliyestahili kitenzi hiki, naye mwandishi wetu amemnyima. Jørgen Graabak, Mnorwei pia, aliondoka zaidi ya dakika mbili nyuma ya Riiber. Dakika mbili katika kilomita 10 si pengo dogo. Akalifuta, akampita kila aliyekuwa mbele yake, akachukua dhahabu. Hapo ndipo mahali pa kusema "aliweza", hata ukitaka kupaza sauti. Muhtasari unasema tu: "Graabak alishinda." Kwa hiyo, kwa Kiswahili cha muhtasari huu, kupotea kulihitaji uwezo na kushinda kulijitokea kwenyewe.

Wanaopenda mfano wa karibu zaidi na nyumbani watamkumbuka Philip Boit wa Kenya, aliyekimbia kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano ya 1998 ilhali theluji hakukua nayo, akamaliza wa mwisho. Boit aliweza kumaliza. Andika hivyo kwa wino mzito, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie, aliyebaki pale mwisho wa njia kwa takriban dakika 20 hadi Mkenya alipofika, akampokea kwa kumkumbatia, huyo "alimsubiri". Ukisema "aliweza kumsubiri" unampunguzia utu wake ukawa swali la misuli ya miguu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kitenzi hiki kina maisha mengine, ya zamani na ya kupendeza, ambayo vijana wanayaacha yafe. Pwani, mtu akiuliza hali ya mgonjwa, huambiwa: "Hawezi." Haiulizwi hamudu nini. Hawezi maana yake ni mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe husema "siwezi", basi. Riiber alitangaza kustaafu msimu ule wa 2024/25 kwa sababu ya ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo. Alikuwa hajafika miaka 30, ana ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia mara 5 na ushindi wa mashindano zaidi ya 70. Mzee wa Unguja au wa Lamu angeifikisha habari hiyo yote kwa kusema: "Kijana anaacha, hawezi." Badala yake tunasoma kwamba Riiber "aliweza kustaafu kutokana na kutoweza kuendelea". Hapo nililifunga faili nikaenda kunywa maji.

Makosa haya mengi ni ya kuchekesha tu. Lipo moja ambalo halichekeshi. Ukurasa wa pili wa muhtasari unasema: "Wanawake hawakuweza kuingia kwenye Olimpiki ya Milano Cortina ya 2026." Kisarufi sentensi imesimama. Kiukweli imeanguka. Wanawake wana Kombe lao la Dunia la mchezo huu tangu Desemba 2020, lilipoanzia Ramsau nchini Austria na Mmarekani Tara Geraghty-Moats akashinda. Wana ubingwa wa dunia tangu 2021. Wanaruka kwenye vilima vile vile na kukimbia kwenye theluji ile ile. Uwezo wanao. Kilichotokea ni kwamba Juni 2022 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kutoliingiza shindano lao, ikitaja uchache wa nchi zinazoshiriki na uchache wa watazamaji, na hivyo mseto wa Nordiki ukabaki mchezo pekee wa Olimpiki ya majira ya baridi usio na wanawake. Kuna aliyekata shauri, na kitenzi chako kimemficha nyuma ya pazia na kuwaachia waliokatazwa lawama ya kutoweza. Andika "hawakuruhusiwa". Ukipata ujasiri zaidi, andika "Kamati iliwakataa", ili mtenda aonekane uso wake.

Nikiulizwa ugonjwa huu umetoka wapi, wapo wanaosema ni Kiingereza kilichoingia na nguo zake zote, na sina ugomvi nao. Mimi nadhani ni woga zaidi. "Alishinda" inasikika fupi mno kwa mtu anayetaka kuonekana amesoma, kwa hiyo anaifunga kilemba. Watangazaji wa moja kwa moja nimekwisha kuwasamehe; mtu anayefuatilia wachezaji 50 wakipishana kwenye ukungu anahitaji pa kuegemea wakati akitafuta jina, na "aliweza ku..." ni mkongojo wa bei nafuu. Kwa mwandishi, aliyekaa, mwenye kalamu na muda wa kufuta, sioni udhuru.

Basi, binti, huu ndio uamuzi wangu juu ya muhtasari wako. "Mseto wa Nordiki" ubaki. "Barafu" iwe theluji kila mahali. Msimu "ulianza" Ruka na "uliishia" Lahti, mashindano ya Trondheim "yalifanyika", Geiger na Armbruster "walitwaa" ubingwa, na ukitaka kuwaachia "waliweza" mmoja kati yao nitafumba macho, maana msimu wenye mashindano kutoka Novemba hadi Machi si mchezo. Graabak mpe "aliweza" yake anayodai tangu 2022. Zile nyingine kumi na kadhaa zifute, halafu umpelekee mwenzako asome kabla hujaipeleka kokote, kwa kuwa nimeona alivyoandika pembeni mwa aya ya tatu, kwa wino mwekundu, kuhusu barafu: "Hapa uliweza kukosea."