Miwani ya mama inakusanya jua, yangu mbona haikusanyi?

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Kizota hapa Dodoma. Miwani ya mama ya kusomea nikiishika juani inatoa doa kali la mwanga kwenye karatasi, ila yangu ya kuonea mbali inatoa kama kivuli tu. Si zote vioo?

JIBU: Marahaba, aisee umeona kitu kizuri sana. Mwanga hewani unakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde, ukiingia kwenye kioo unapungua mpaka kama 200,000 hivi, sasa ukiingia kwa mshazari ndo unapinda, na kwenye lenzi unapindia kule kioo kilipo kinene. Ya mama ni lenzi mbinuko, imetuna katikati, so miale inavutwa ndani mpaka inakutana, na kama imeandikwa +2.00 (namba ya nguvu ya lenzi) inakutana sentimita 50 kutoka kwenye kioo, chukua rula upime mwenyewe.

Yako ni mbonyeo, nyembamba katikati na nene pembeni, miale inatawanyika. Kiangalie tena kile kivuli taratibu, katikati pamefifia lakini ukingoni kuna mduara wa mwanga, huo ndo mwanga uliosukumwa nje! Jicho lako linakutanisha miale kabla haijafika kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), kwa hiyo linahitaji itawanywe kidogo kwanza, la mama linachelewa kuikutanisha akisoma karibu.

Ila tafadhali sana, usichungulie jua kupitia lenzi yoyote, na ya mama usiiache dirishani juani.