Wifi anahisi baridi, Tanga nzima inatoka jasho

Dada wa Chumbageni, umeuliza kwa nini wifi yako anajifunika kanga mbili Februari hii, ananenepa na hamu ya chakula hana, tena shingo imeanza kujaa. Majirani wanasema jini. Mimi nashuku tezi ya shingo kwanza.

Tezi hiyo huchukua madini joto kwenye damu ikatengeneza thairoksini, homoni inayoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ikipungua, kila kitu kinazorota: mapigo ya moyo, choo, hata hedhi huvurugika. Hapo tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, pituitari, hutuma homoni yake kuihimiza ile ya shingoni, kama nahodha anayewapigia kelele wapiga makasia waliochoka. Ikihimizwa muda mrefu huvimba; ndiyo rovu.

Lakini rovu hutokea hata homoni zikizidi, kwa hiyo msimnunulie vidonge vya kubahatisha. Mpelekeni hospitali ya Bombo, aombewe kipimo cha damu cha homoni za tezi. Akikutwa na upungufu, kuna vidonge vya thairoksini vya kila siku, humezwa asubuhi kabla ya kula. Na kama ana mimba, msingoje wiki ijayo.