Paa la kibanda cha boti: mninga au plaiwudi?

Ndugu uliyeuliza kutoka Mikindani kama kibanda kilicho juu ya boti ukiezeke kwa mninga au plaiwudi, paa hilo usilipige mbao za mninga za inchi 1. Mita moja ya mraba itakaribia kilo 16, wakati plaiwudi ya baharini (ile ya gundi isiyoachia kwa maji) ya milimita 9 ni kama kilo 5 tu. Uzito ukikaa juu, boti ikilala inachelewa kuinuka, na kusi la mwezi wa 7 unalijua.

Plaiwudi ya ndani ya nyumba gundi yake huachia. Chemsha kipande saa nzima; tabaka zikiachana, usikipeleke baharini.

Boriti weka kila sentimita 35, zipinde kidogo, katikati pawe juu, ili maji yateremke. Kuoza huanzia kwenye kingo na matundu ya skrubu, kwa hiyo zishibishe epoksi (gundi ya majimaji ya kuchanganya sehemu mbili) mara 3 kabla ya kufunga. Juu laza kitambaa cha faiba, kwa epoksi vilevile. Resini ya poliesta, ile ya kawaida ya boti za faiba, haishiki mbao vizuri, hubanduka.

Sitaha ya kukanyaga ni habari nyingine: hapo milimita 12 hadi 18.