Maswali na Majibu: Picom, Sudo na Laptop za Mtumba

Safu ya leo ni ya picom, kompozita ya X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) inayoweka vivuli na uwazi kwenye madirisha na kuzuia picha kukatika vipande video inapocheza. Kabla hujaijenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo, kwa zana za meson (huandaa ujenzi) na ninja (hujenga), jaribu sudo apt install picom (sudo hukupa mamlaka ya msimamizi). Kama toleo hilo linakutosha, kazi imekwisha.

Shikamoo fundi. Nimefuata maelekezo yote ya kujenga picom lakini meson imekataa. Nifanyeje? (Iyunga, Mbeya)

Marahaba. Meson haikatai kimya, kijana. Imekuandikia kilichokosekana, nawe hukunitumia hata mstari mmoja. Maswali ya namna hii yananijia kila mara na siwezi kuyajibu kwa kubahatisha.

Mara nyingi mstari wenyewe ni huu: Dependency "libconfig" not found. Watu hushangaa kwa sababu libconfig wanayo tayari. Waliyonayo ni ile ya kuendeshea programu. Ya kujengea huja kwenye pakiti yake inayoishia na -dev: libconfig-dev, libev-dev, libepoxy-dev, uthash-dev na nyinginezo. Orodha nzima ipo kwenye README, faili ya maelezo ya mradi. Isome kabla ya kuanza. Ukiwa Fedora, tafuta zinazoishia na -devel.

Zikishaingia:

meson setup --buildtype=release build
ninja -C build

Hapo hakuna sudo. Sudo ni ya hatua ya mwisho tu, ya kusakinisha. Ukijenga kwa sudo, faili za folda ya build zinakuwa mali ya root, yaani msimamizi, na kesho hata kuifuta unashindwa. Amri ya sudo usiyoielewa usiinakili kutoka kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Nimenunua laptop ya mtumba yenye Ubuntu. Fundi aliniambia nikiweka picom itakuwa nyepesi, lakini inaniambia "Another composite manager is already running". (Mwanjelwa)

Amekupotosha. Kompozita inaongeza kazi ya mashine, haiipunguzi. Ubuntu ya kawaida inatumia deskitopu ya GNOME, na ndani yake kompozita ni Mutter, ambayo haizimiki. Kompozita mbili hazikai kwenye skrini moja. Ukiingia kwa Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, ndiyo kabisa, picom haina nafasi.

Kama RAM ni ndogo, badilisha deskitopu kwanza. Weka XFCE, nayo ina kompozita yake. Ukitaka picom ichukue nafasi hiyo, zima ya XFCE:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Ukitumia i3 au Openbox, vipanga madirisha visivyo na kompozita, hakuna cha kuzima.

Compton au picom? (Njombe)

Picom. Ni mwendelezo wa Compton uliobadilishwa jina 2019. Maelekezo yanayotaja Compton yapite.

Umeme ukikatika katikati ya kujenga, bando langu limepotea? (Tukuyu)

Hapana, msimbo chanzo umeshashuka. Rudia ninja -C build, itaendelea ilipoishia. Ikilalamikia faili bovu, futa folda ya build uanze na meson tena. Ukitaka kuokoa bando, tumia git clone --depth 1, uache historia yote ya mradi huko iliko.

Nimeandika dual_kawase (aina ya ukungu) kwenye mipangilio ya picom lakini ukungu nyuma ya madirisha hautokei. (Iringa mjini)

Inahitaji njia ya kuchora iwe backend = "glx"; bila shaka yako ni "xrender". Ila kwenye Intel za zamani ukungu huo unachosha mashine na kula betri bila faida. Mimi ningeweka vsync = true, inayozuia picha kukatika, na kuishia hapo.

Naiondoaje? (Mafinga)

Ingia kwenye folda uliyojengea, kisha sudo ninja -C build uninstall. Wanaofuta folda hiyo mara tu baada ya kusakinisha ndio wanaoniandikia wakilia. Ikiwa picom bado inafunguka, andika which -a picom. Ya kujenga hukaa /usr/local/bin, na ikionekana nyingine /usr/bin, hiyo ni ya apt. Iondoe kwa apt.